Barua kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kumleta Rosa wa Kezilahabi Katika Zama Zetu

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole na masomo. Nimeusoma mpango wako wa kuandika riwaya ambamo Rosa wa Euphrase Kezilahabi anaishi leo, akiwa na simu mkononi na marafiki wengi mtandaoni ambao hajapata kuonana nao uso kwa uso. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako: wengi walioisoma riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, wanatamani kumwona binti yule akipita katika mitaa wanayoijua wao. Wazo lako ni jema na naliunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni moja tu, nalo ni kwamba usianze na Rosa. Anza na Zakaria, baba yake.

Nasema hivyo kwa sababu katika mpango wako Rosa amebadilika sana, na baba yake hajabadilika hata kidogo. Umemwacha vilevile, mlevi wa kijijini mwenye fimbo, kana kwamba miaka hamsini imempita kando. Matokeo yake ni kwamba lawama yote inamwangukia binti na simu yake, na riwaya inageuka kuwa onyo kwa wasichana. Kezilahabi hakuandika onyo la namna hiyo. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na ni huko huko nyumbani kwao alikoiweka familia ya Zakaria na mkewe Regina, kwa hiyo alikuwa akiwaandika watu aliowafahamu vizuri. Kitabu kilipotoka mwaka 1971 kiliwashtua wakubwa hata kikazuiwa shuleni kwa muda, na waliokizuia walisema kinaonyesha uchafu. Ukikisoma kwa utulivu utaona kwamba kinachochunguzwa pale ni malezi: nyumba inayomfundisha mtoto kuogopa badala ya kumfundisha kupima, na kinachomtokea mtoto huyo siku anapofika mahali ambapo mkono wa baba haufiki.

Kumbuka tukio la barua. Charles, kijana anayempenda, anamwandikia Rosa, Zakaria anaipata barua hiyo, na binti anapigwa kipigo ambacho hatakisahau. Leo barua hiyo haipo, lakini tukio lenyewe lipo, na ningependa uliandike taratibu bila kuruka hatua. Ni jioni, taarifa ya habari inaendelea kwenye runinga, na sahani za ugali na dagaa bado ziko mezani. Baba ananyoosha mkono na kusema, "Lete simu." Binti anaileta. "Fungua." Anafungua, kwa sababu kukataa kutaja nywila ni kukiri. Kisha baba anasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa sauti, mbele ya mama na wadogo zake, na sauti yake haipandi hata kidogo. Fimbo inaweza kuja baadaye au isije kabisa. Msichana aliyesomewa hivyo maneno aliyoandikiwa na kijana wa watu, huku wadogo zake wakimtazama, amekwisha kuadhibiwa, na somo alilolipata halihusu wavulana: amejifunza kuwa na simu mbili.

Hapo ndipo Zakaria wa leo anapoanza kupata sura. Si lazima awe mlevi. Anaweza kuwa mwalimu mstaafu anayeheshimika, mzee wa kanisa, msimamizi wa kundi la ukoo la WhatsApp, ambaye kila asubuhi hutuma aya na nasaha kwa ndugu wote. Mpe pia hofu za kweli, maana anazo: anaogopa mimba, anaogopa ada na michango aliyolipa kwa shida ipotee, anaogopa maneno ya majirani. Msomaji akimchukia tangu ukurasa wa kwanza utakuwa umempoteza, kwa sababu baba wa namna hiyo anapendwa na watoto wake, na mapenzi hayo ndiyo yanayofanya kimya chake kiumize.

Jambo la pili ni umbali, nalo lina uzito kuliko unavyodhani. Riwaya ile inategemea safari. Rosa anatoka kisiwani kwenda shule ya bweni ya wasichana, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na kila hatua inamweka mbali zaidi na macho ya nyumbani, mpaka anapotumbukia katika maisha ambayo baba yake hayajui. Simu imeufuta umbali huo. Rosa wa leo akiwa Morogoro anaweza kupigiwa simu ya video saa tatu usiku na kuamriwa azungushe kamera chumba kizima. Kwa upande mwingine, kwa kuwa sekondari za kata zimejengwa karibu kila mahali tangu miaka ya 2000, huenda asivuke hata ziwa. Atatembea kilomita kadhaa kila siku, au atapangishiwa chumba karibu na shule, ajipikie mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitano. Anayemngoja njiani ni dereva wa bodaboda mwenye lifti na chipsi. Kwa hiyo anaweza kuchungwa sana akiwa mbali na kuachwa peke yake akiwa karibu. Ukiushika ukinzani huo, riwaya yako itakuwa na uti wa mgongo wake yenyewe.

Usiipuuze sheria, maana nayo ni sehemu ya dunia ya Rosa. Mwaka ule ule wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ambayo vifungu vyake vya 13 na 17 viliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba ruhusa hiyo inakinzana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30, na mnamo Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Uhusiano wa mkuu wa chuo na mwanachuo wake, kama ule wa Rosa kitabuni, ambao zamani ungeishia kwenye minong'ono, tangu mwaka 2007 unaweza kuwa shauri la rushwa ya ngono.

Sikutajii haya ili uyapange kwenye hadithi kama mhadhara. Nakutajia kwa sababu yanamweka Zakaria wa leo kwenye njia panda ambayo Zakaria wa zamani hakuijua. Binti akipata mimba, baba anaweza kwenda polisi, na anaweza pia kukaa na wazee wa upande wa pili, wakayamaliza kifamilia, fedha zikapokelewa, na binti asiulizwe lolote. Mwandike usiku ule anapohesabu fedha hizo. Sioni sura nyingine yenye uwezo mkubwa kuliko hiyo.

Kuhusu Regina nina maneno machache: mpe kipato chake, hata kama ni cha kikundi cha kukopeshana, halafu tuone kama anathubutu kusema. Charles mwache alivyo. Kijana msomi anayejiona wa kisasa, kisha anamkataa mwanamke kwa sababu ya yaliyopita, hahitaji kubadilishwa chochote.

Umeniuliza kama Rosa lazima ajiue, kama alivyojiua Rosa wa Kezilahabi. Kwa maoni yangu, hapana. Rosa wa leo anaweza kuishi, akafundisha, akalea mtoto, na siku moja akamwambia baba yake mbele ya watu kile ambacho yule wa mwanzo hakupata nafasi ya kukisema akiwa hai. Hilo ni gumu kuandika kuliko kifo, kwa sababu itabidi Zakaria ajibu, na jibu lake lazima liwe la mtu tunayemfahamu. Ndiyo maana nakuomba unitumie kwanza sura zake yeye, hata zikiwa rasimu tu.

Mjomba wako akupendaye.