Mshahara wa Japani usipimwe kwa shilingi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na vijana wa Unguja na Pemba, pamoja na wazazi wao, kuhusu barua za ajira zinazotoka Japani, hasa zile za shamba, yaani nje ya miji mikubwa: hoteli za maji moto milimani, nyumba za kulelea wazee, mashamba ya mboga, viwanda vya samaki. Barua ikishafika nyumbani, kinachofanywa kwanza ni kuzidisha. Yen laki mbili zinageuzwa shilingi, zinatoka milioni tatu na ushei, na baraza zima linakubaliana kwamba kijana akikataa atakuwa ameitupa riziki yake.

Hesabu hiyo haimsaidii. Kijana huyo atakula kwa yen, atalala kwa yen na atatia mafuta kwa yen. Kitakachofika Wete au Makunduchi ni masalio, na masalio yenyewe yanapanda na kushuka na soko la fedha. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa kama yen 103. Julai 2024 ilivuka yen 160. Laki mbili zilezile zikashuka kutoka karibu dola 1,940 hadi karibu dola 1,240, na mwajiri hakupunguza hata yen moja. Suali la maana ni hili: yakishatoka makato na gharama za huko huko, mkononi mwake zinabaki yen ngapi kila mwezi, mwaka wa kwanza na mwaka wa tatu?

Pa kuanzia ni karatasi. Sheria ya Viwango vya Kazi ya Japani, kifungu cha 15, inamlazimisha mwajiri kutoa masharti ya kazi kwa maandishi, na hati yake inaitwa rodo joken tsuchisho. Ndani yake uonekane muda wa mkataba, pahala pa kazi, saa, siku za mapumziko, mshahara na namna unavyohesabiwa, tarehe ya kufunga hesabu na tarehe ya kulipa. Ujumbe wa simu kutoka kwa wakala hauchukui nafasi ya hati hiyo. Ikiwa haijatolewa, bado hakuna mshahara wa kupimwa.

Hati ikiwa mkononi, jicho liende kwenye mshahara wa msingi, si kwenye jumla. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jumla ya 200,000 inaweza kuwa 170,000 za msingi na 30,000 za kazi ya ziada iliyolipiwa kabla haijafanywa. Mtindo huo unaruhusiwa Japani, mradi mwajiri aandike fedha ngapi ni za saa ngapi, na saa zikizidi alipe nyongeza. Asipoandika idadi ya saa, mkatalieni mpaka aandike. Sababu ya pili ya kulikazania neno "msingi" ni bonasi. Kampuni ikisema inatoa bonasi ya miezi miwili kwa mwaka, kawaida inahesabu msingi peke yake, na mara nyingi bonasi ya kiangazi ya mwaka wa kwanza huwa ndogo sana kwa sababu mtu hajatimiza muda.

Sasa tuupime msingi huo. Kima cha chini Japani huwekwa kwa saa, kila mkoa na chake, na hubadilishwa kila mwaka. Kwa viwango vya mwaka wa 2025 Tokyo ni yen 1,226, na mikoa ya chini kabisa, yaani Kochi, Miyazaki na Okinawa, ni yen 1,023. Tafuteni siku za mapumziko za mwaka katika hati. Zikiwa 105, siku za kazi ni 260. Zidisha kwa saa 8, gawa kwa miezi 12, unapata saa 173.3 kwa mwezi. Gawa 170,000 kwa 173.3: ni yen 981 kwa saa. Barua hiyo iliyopigiwa vigelegele iko chini ya kima cha sheria katika kila mkoa wa Japani. Mapumziko yakiwa siku 120, saa zinakuwa 163.3 na malipo yanafika yen 1,041. Kochi inapita, Tokyo haipiti. Posho ya nauli, posho ya familia, posho ya kutokosa kazini, kazi ya ziada na bonasi havitiwi katika kipimo hiki, hata wakala akivijumlisha namna gani.

Kazi ya ziada hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25, na vivyo hivyo kazi ya kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Siku ya mapumziko ya kisheria ni asilimia 35. Lakini Wapemba wenzetu wanaokwenda kwenye kilimo na uvuvi wasikie vizuri: kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinazitoa kazi hizo mbili nje ya kanuni za saa na siku za mapumziko. Nyongeza ya usiku inabaki, ya saa za ziada hailazimishwi na sheria. Kwa hiyo mkataba wa shambani au baharini lazima uandike wenyewe kwamba saa za ziada zitalipwa na kwa kiwango gani. Usipoandika, msimu wa mavuno mtu anafanya kazi saa kumi na moja kwa siku kwa malipo yale yale ya saa.

Tuje kwenye makato. Chukueni 200,000 iliyo halali. Bima ya afya inakata karibu asilimia 5, yaani yen 10,000. Pensheni asilimia 9.15, yaani 18,300; bima ya ajira kama 1,100; kodi ya mapato baina ya 2,000 na 4,000. Zinabaki karibu 167,000. Mwaka wa kwanza hesabu inaishia hapo, na ndiyo maana wanaopiga simu nyumbani mwaka huo hutoa sifa tu. Kodi ya ukaazi, ile ya mkoa na manispaa anakoishi mtu, bado haijaanza. Yenyewe huhesabiwa kwa kipato cha mwaka uliopita na kukatwa kuanzia Juni. Aliyefika Aprili ataonja Juni ya mwaka wa pili kwa miezi tisa aliyofanya kazi, na Juni ya mwaka wa tatu atakatwa kwa mwaka mzima, kiasi cha yen 7,000 kwa mwezi kwa mshahara huu. Kwa hiyo mtu huyo ana 160,000. Mshahara usipopanda kabla ya hapo, ameshuka. Ulizeni mapema nyongeza ya mwaka ni yen ngapi, na wasijibu kwa maneno ya "tutaona".

Bima ya afya na pensheni zinaumiza lakini msizikimbie, kwa sababu mwajiri naye analipa nusu yake. Baya zaidi ni mkataba unaoandikwa saa 29 na nusu kwa wiki ili mwajiri asimuandikishe mtu, ujanja ambao tangu Oktoba 2024 umebaki kwa kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 50. Yameonekana hayo hasa kwa wasaidizi wa kusomesha Kiingereza skuli kupitia makampuni ya kukodisha wafanyakazi. Hapo mfanyakazi anabeba bima ya afya ya manispaa peke yake na pensheni ya taifa, ambayo kwa mwaka wa fedha wa 2025 ni yen 17,510 kila mwezi. Mikataba mingine ya aina hiyo hupunguza mshahara Agosti, skuli zinapofungwa. Basi msizidishe mshahara kamili kwa miezi kumi na mbili.

Gharama za shamba Japani zina tabia yake. Nyumba ni rahisi kuliko Tokyo. Chumba cha mtu mmoja hupatikana kwa yen 30,000 hadi 50,000. Lakini kuingia tu, ukijumlisha dhamana, zawadi ya mwenye nyumba isiyorudi, ada ya dalali na kampuni ya udhamini, kunaweza kumeza kodi ya miezi minne au mitano. Nyumba ya kampuni inaondoa mzigo huo, basi ulizeni kodi yake inakatwa ngapi na ukiacha kazi unapewa siku ngapi kutoka.

Halafu gari. Huko basi linaweza kupita mara tatu kwa siku, na duka liko kilomita nane. Hakuna daladala ya kusimamisha njiani. Gari ndogo za cc 660, ndugu wa kirikuu tunazozijua hapa, ndizo nafuu: ushuru wake ni yen 10,800 kwa mwaka, na gari ikipita miaka 13 unapanda hadi 12,900. Ukaguzi ni kila miaka miwili. Ukiweka akiba ya ukaguzi, bima, ushuru na petroli, kadirieni yen 20,000 kwa mwezi kabla ya deni la kuinunua. Hokkaido, Tohoku na Niigata ongezeni tairi za theluji. Na leseni ya hapa haibadilishwi hivi hivi. Nchi zetu za Afrika hazimo katika orodha ya waliosamehewa mtihani, na tangu Oktoba 2025 mtihani wa maandishi una maswali 50 badala ya 10, anayepita ni aliyepata 45, kisha kuna kuendesha uwanjani. Pia lazima athibitishe kwamba alikaa miezi mitatu katika nchi iliyompa leseni baada ya kuipata. Anayekata leseni wiki ya kuondoka amejipotezea bure.

Gesi ya mitungi shamba ni ghali kuliko ya mabomba mjini, na mafuta ya taa ya kupashia nyumba wakati wa baridi ni bili ambayo mtu wa Zanzibar hajawahi kuiwazia. Chakula, samaki ni wengi na wazuri. Nyama ya halali huagizwa ikiwa imegandishwa, na usafirishaji unalipiwa. Kodi ya nyumba 40,000, gari 20,000, umeme, gesi na maji 17,000, simu 3,000, chakula 35,000: ni 115,000. Katika zile 160,000 zinabaki 45,000, na bado hajanunua koti.

Lipo jambo la kumpunguzia mzigo anayewatumia wazazi fedha. Anaweza kuwaandikisha kuwa wategemezi na kodi ikashuka sana. Masharti ni cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa Kijapani, na ushahidi wa benki au kampuni ya kutuma fedha kwamba kila mtu ametumiwa kwa jina lake. Ukimtumia kaka mkubwa zote ili agawe, anayehesabiwa ni yeye tu. Jamaa wa miaka 30 hadi 69 kwa kawaida hakubaliwi mpaka awe ametumiwa yen 380,000 au zaidi kwa mwaka. Na pensheni aliyokatwa, akiondoka Japani kabla ya kutimiza miaka 10 na baada ya kuchangia miezi 6 au zaidi, anaweza kudai sehemu yake ndani ya miaka miwili. Hesabu ya sasa inaishia miaka mitano ya michango.

Kujua kama mshahara ni wa haki kwa pale pale, fungueni mtandao wa Hello Work, afisi ya ajira ya serikali ya Japani, mtafute kazi hiyo hiyo katika wilaya hiyo hiyo. Viza ya ujuzi maalumu na ile ya wataalamu zote zinataka mgeni alipwe sawa na Mjapani au zaidi, na kifungu cha 3 cha Sheria ya Viwango vya Kazi kinakataza kubagua mshahara kwa uraia. Wenyeji wakitangaziwa 195,000 za msingi na wewe 170,000, andika barua, uwatajie namba ya tangazo. Mkataba unaosema ukiacha kazi utalipa faini ya kiasi fulani umekatazwa na kifungu cha 16.

Mwisho, tazameni tarehe ya malipo. Kampuni nyingi hufunga hesabu mwisho wa mwezi na kulipa tarehe 25 ya mwezi unaofuata. Anayeanza Aprili 1 anapokea Mei 25. Kwa siku zote hizo aende na yen za kula na za nauli, zisizopungua 100,000 akiwa na nyumba ya kampuni, na mara tatu yake akiwa anapanga mwenyewe.

Wasomaji wenu,
Chake Chake, Pemba