Tuchapishieni na majina ya wachezaji wa timu iliyofungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie kurasa za michezo. Mimi ni fundi cherehani hapa soko la Majengo, Dodoma, na gazeti lako nalisoma lote mpaka matangazo ya mnada. Lalamiko langu ni moja tu. Timu yetu, Dodoma Jiji, wakicheza na Simba au Yanga, namaliza habari nzima bila kujua golini kwetu alikaa nani.

Najua mtaniambia timu ndogo haiuzi gazeti. Basi nianzie mbali kidogo, maana pamoja na kandanda mimi ni mshabiki wa besiboli. Kijiweni wananicheka, nimeshazoea. Mchezo huo nilifundishwa na kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea huku, na kwa kuwa alimhusudu nyota wa kwao, Ichiro Suzuki, timu aliyoniachia ndiyo ile aliyong'aa nayo Ichiro: Seattle Mariners ya Marekani. Hakunitahadharisha kwamba ni timu ya presha. Ilianza mwaka 1977, na kati ya timu 30 za ligi kuu ya kule ni hiyo peke yake haijawahi kufika fainali ya ubingwa. Mwaka 2001 ilishinda mechi 116 kati ya 162, ikaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya 1906, halafu ikatolewa na New York Yankees kwenye mchujo wa kuelekea fainali. Kuanzia hapo mchujo wakawa wanausikia tu, hadi 2022.

Sasa timu ya namna hiyo unaishabikiaje, tena ukiwa Nkuhungu, mtaani Dodoma? Kinachonishikilia ni jedwali. Kule kila mechi, hata ya timu mbili za mkiani zinazokutana Jumanne isiyo na maana, hutolewa jedwali dogo ambalo kila aliyekanyaga uwanja yumo: jina lake, nafasi aliyocheza, alisimama kupiga mara ngapi, akafanikiwa mara ngapi. Warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, nao wanapangwa kwa mfuatano, huyu alidumu raundi ngapi, yule alipigwa mara ngapi. Utaratibu huo una umri wa zaidi ya karne na nusu, na mtu aliyeukuza ni Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani. Chadwick, Mhariri, hakuwa kocha wala tajiri wa klabu. Alikuwa mwandishi wa magazeti kama ninyi.

Seattle wakicheza kwao usiku, huku kwetu ni kama saa kumi na moja alfajiri. Bando la kutazama video sina, lakini jedwali linafunguka hata mtandao ukisuasua. Oktoba 2025 walikutana na Detroit, mechi ya tano ya kuamua nani asonge mbele, ikaanza saa tisa usiku wetu. Besiboli ya kule haina sare wala penalti. Mkilingana baada ya raundi tisa, mnaendelea. Wakalingana 2-2. Nikawasha mkaa wa pasi, bado 2-2. Nikafika kibandani, nikapiga pasi sare za shule, sifuri zinajipanga kwenye simu mpaka ikabidi nisukume kioo kwa kidole kuiona raundi ya mwisho. Raundi ya 15, saa mbili asubuhi imeshagonga, Jorge Polanco wetu akapiga, mwenzake akakimbia akaingia nyumbani, 3-2. Mteja aliyefuata suruali yake alidhani nimeingiziwa muamala.

Haikupita wiki mbili tukalia. Mechi ya saba, Toronto, mshindi anakwenda fainali. Seattle wanaongoza 3-1 raundi ya saba, wamebakiza kuwatoa wapigaji wanane tu. George Springer wa Toronto akauvusha mpira nje ya uzio huku wenzake wawili wakiwa njiani, wote watatu wakahesabiwa, ikawa 4-3, na hivyo ndivyo ilivyoisha. Nililala nayo rohoni siku kadhaa, siwezi kukataa. Lakini kipigo kile nakijua kwa majina. Najua Cal Raleigh, mdakaji wetu aliyevusha mipira 60 msimu ule, alivusha mmoja hata usiku huo. Najua kocha Dan Wilson alimwingiza Eduard Bazardo kumrushia Springer wakati mrushaji wetu wa kutegemewa, Andrés Muñoz, yupo mzima. Kwa nini? Hilo swali bado nalibishania na yule Mjapani kwa ujumbe wa simu, na ubishi huo ndio umenivusha mpaka msimu mwingine. Kombe hatuna, lakini cha kuongea tunacho.

Turudi kwetu, uwanja wa Jamhuri. Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Februari 2025 basi lao lilipata ajali mkoani Lindi wakitoka Ruangwa kucheza na Namungo, wachezaji wakaumia, na mechi yao na Simba ikasogezwa mbele. Ilipochezwa Machi walifungwa 6-0. Nilipekua kila gazeti lililokuwa mezani kwa muuzaji nikitafuta jambo moja: nani kati ya waliokuwa ndani ya basi lile alicheza? Nani bado alikuwa anajiuguza? Mabao sita yote niliyapata, na wafungaji wake, na furaha ya mashabiki wa Simba. Upande wa pili ilikuwa kama Simba wamecheza na ukuta. Kumbe hapo ndipo palikuwa na habari.

Halafu tunalaumiwa watu wa Dodoma kwamba hatuna mapenzi na timu yetu. Ni kweli, Yanga wakija, treni ya SGR inashusha mashabiki kutoka Dar es Salaam, na wenyeji wengi nao wanavaa kijani na njano. Mwanangu wa darasa la tano anakutajia benchi zima la Yanga, hadi kipa wa tatu. Beki wa kushoto wa timu ya mji aliozaliwa hamjui, na angemjulia wapi? Redioni hatajwi, kibanda umiza wanawasha king'amuzi wakicheza wakubwa, na gazetini ndiyo hivyo.

Sijaomba sifa. Wakicheza ovyo andikeni wamecheza ovyo, ila semeni nani. Ninachoomba kinaenea kwenye upana wa vidole vitatu: kila mechi ya Ligi Kuu, vikosi vyote viwili, walioingia na dakika walizoingia, kadi, wafungaji, na kipa kaokoa mara ngapi. Coastal Union, Namungo, Mbeya City, wote. Nafasi ipo, maana Jumatatu iliyopita picha ya mchezaji mmoja akishangilia ilichukua nusu ukurasa, na bao lenyewe lilikuwa la penalti.

Mkianza Jumatatu ijayo nitanunua nakala mbili, kwa sababu hii moja ninayonunua mke wangu huiwahi kufungia karanga kabla sijamaliza msimamo wa ligi.

Wako msomaji,
Fundi cherehani, Majengo, Dodoma