Harambee ya jarida la wanafunzi: jogoo wa ghorofa ya nne

Wazazi, walezi, majirani na nyote mliowahi kupita katika madarasa yetu, salaam.

Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja alianza insha yake hivi: "Nilirauka alfajiri na mapema jogoo wa kwanza alipowika." Mtoto huyu anakaa ghorofa ya nne. Kinachomwamsha ni geti la chini na pikipiki ya jirani inayokataa kuwaka. Mwalimu alipomuuliza huyo jogoo anafugwa wapi, darasa zima liliangua kicheko, naye akajibu taratibu: "Mwalimu, si ndivyo insha inavyoanza?"

Hatumlaumu, maana sisi ndio tuliomfundisha. Miaka yote ameandika kwa msomaji mmoja tu, mwenye kalamu nyekundu, anayetafuta makosa na kuhesabu methali. Mtoto wa miaka 12 si mjinga. Akishajua kwamba maneno yake yataishia kwenye rundo la madaftari, anatoa kinachotosha, anachukua alama zake, basi.

Muhula uliopita tulijaribu njia nyingine kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Tuliwaambia: andika jambo unalolijua kuliko mwalimu, na useme unataka nani alisome. Wiki mbili za kwanza, tukiri, hakikutoka kitu. Wengine walimrudia jogoo. Kisha yule yule wa ghorofa ya nne akamwandikia barua msimamizi wa jengo lao kuhusu taa ya ngazi iliyoungua. Rasimu ya kwanza ilikuwa hasira tupu. Mwenzake aliyeisoma akamwambia, "Ningekuwa msimamizi ningeichana." Akaondoa matusi, akaenda kuhesabu vipandio vilivyo gizani, akapata 36, akaeleza jinsi jirani mwenye mtoto mkononi anavyopapasa ukuta akipanda. Aliuliza mwenyewe kama ni "mwangaza" au "muangaza", jambo ambalo hakuwahi kulijali. Rasimu ya tatu ndiyo iliyopelekwa, na taa ikawekwa. Ya ghorofa ya pili bado, kwa hiyo kuna barua nyingine jikoni.

Njia hii hatukuibuni sisi. Mwaka 1920 Célestin Freinet alianza kufundisha Bar-sur-Loup, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, akiwa na pafu lililojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kusimama na kuhutubia darasa kutwa nzima kulimshinda. Mwaka 1924 akaleta darasani mashine ndogo ya kuchapia. Watoto wakaandika mambo yao, wakapanga herufi moja moja kwa vidole, wakachapa, na kurasa zao zikasafiri hadi kwa wanafunzi wa shule nyingine waliowajibu kwa kurasa zao. Miaka mia moja hivi imepita na sisi tunaomba kitu hicho hicho, mashine na wasomaji.

Maana toleo la kwanza la jarida letu la wanafunzi lilituaibisha. Tulilitoa kwa mashine ya ofisi, ambayo ina kazi zake, nayo ilitafuna karatasi katikati ya kazi na kuzimika. Nakala kadhaa zilikosa ukurasa wa 7. Huo ulikuwa ukurasa wa msichana ambaye hatukumbuki mara ya mwisho aliponyoosha mkono darasani. Siku ya kugawa alipekua nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, akijitafuta. Jioni hiyo hiyo kamati ya wazazi ilikubaliana kuitisha harambee.

Hesabu yenyewe ni hii. Jarida la kurasa 24 ni karatasi 6 za A4 zilizokunjwa katikati. Nakala 250 ni karatasi 1,500, yaani rimu 3 kamili, pamoja na karatasi nene 250 za jalada. Tunataka matoleo matatu kwa mwaka, kwa hiyo rimu 9, na chache za ziada kwa zitakazoharibika. Juu ya hapo tunahitaji mashine ya kudurufu iliyo yetu, wino, stepla ya mkono mrefu inayofika katikati ya ukurasa, na daftari moja la rasimu kwa kila mwanafunzi. Mashine ndiyo mzigo mkubwa. Asiyeiweza alete rimu moja, imehesabiwa.

Kuna mzazi aliuliza kwenye kikao: na mtihani je? Swali la haki. Hatuahidi alama. Tunachoona ni kwamba mtoto aliyezoea kuandika rasimu tatu haogopi karatasi tupu, na mtihani huanza na karatasi tupu.

Asiye na fedha tunamhitaji pia. Tunatafuta watu wazima watakaokubali kuhojiwa na watoto kuhusu kazi zao, na wengine watakaosoma jarida na kumwandikia mwandishi mmoja mistari mitano ya majibu. Mkosoeni, lakini msomeni kwanza. Na msiwe na wasiwasi kuhusu siri za nyumbani: ukurasa ambao mwanafunzi ameukunja, mwalimu haufungui wala hauchapwi.

Michango inapokelewa na mhazini wa kamati ofisini hadi mwisho wa muhula. Msiondoke bila risiti. Orodha ya mapato na matumizi itabandikwa ubaoni getini kila Ijumaa, na nakala ya kwanza itakayotoka kwenye mashine mpya ina mwenyewe tayari: msichana wa ukurasa wa 7.