Barua kwa binti yangu Ashley, anayeitwa "Bwana"

Mwanangu Ashley,

Sisi hapa nyumbani tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nimecheka sana kusikia kwamba huko Leeds, Uingereza, barua za benki zinakuja zimeandikwa "Bwana", na kwamba mwenye nyumba alikuwa anasubiri mvulana. Usiwakasirikie. Kwao jina hilo ni la kiume. Muulize kaka yako, ambaye hadi leo hajamsamehe Ashley Cole kwa kuihama Arsenal na kwenda Chelsea.

Hapo zamani halikuwa hata jina la mtu. Vijiji kadhaa vya Uingereza viliitwa hivyo kwa sababu vilianzia mahali palipofyekwa msituni, penye miti waiitayo ash. Waliotoka huko wakajulikana kwa kijiji chao, na baada ya vizazi likawa jina la ukoo.

Lilivyohama kutoka ukoo hadi kwa mtoto ndiyo sehemu ninayoipenda. Matajiri wa Kiingereza walikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la ukoo wa mama yake, hasa mama akiwa mrithi wa mali, ili jina lisipotee. Anthony Ashley Cooper, aliyezaliwa 1621, lake la kati lilitoka kwa akina mama yake. Mzao wa ukoo huohuo, Lord Ashley, ndiye aliyepigania sheria ya 1842 iliyokataza wanawake, na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi kwenye migodi ya makaa. Sisi Wakikuyu, binti wa kwanza humpa jina la mama mzaa baba. Kwa hiyo desturi hiyo hainishangazi hata kidogo.

Wasichana walilichukulia Marekani, kuanzia miaka ya 1960. Mwaka 1991 na 1992 lilishika nafasi ya kwanza kati ya majina ya watoto wa kike huko. Shirley lilipita njia hiyohiyo: lilikuwa ukoo, likawa la wanaume wachache, kisha Charlotte Brontë akampa msichana katika riwaya yake ya 1849, na wavulana wakaliacha. Likishaenda kwa wasichana ni nadra lirudi. Sasa Marekani Ashley limeporomoka, maana kila mzazi mpya amekua na Ashley kadhaa darasani. Hata wewe darasani mlikuwa watatu, unakumbuka? Lilitufikia Nairobi wakati linavuma, nami nikalipenda. Bado nalipenda.

Umeuliza kama utumie jina lako la Kikuyu, Wanjiru, peke yake. Kwa marafiki, tumia, cucu (bibi) yako atafurahi mno. Lakini kwenye fomu liache jina kama lilivyo katika pasipoti, ila uweke alama penye "Bi." Na uwaone benki wiki hii, kabla hawajakuchapia kadi.

Mamako akupendaye