Shemeji na kilti ya harusini

Glasgow

Shoga yangu mpenzi,

Baada ya salamu, na kuwatakia nyote siha njema, barua yako nimeipata. Ukurasa wa kwanza umejaa furaha ya kuoza binti, wa pili umejaa wasiwasi. Nikaha mmeshaisoma Mombasa, sasa imebaki karamu ya upande wa bwana harusi huku Stirling, na wakwe wameandika kwenye kadi kwamba wanaume waje na mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti. Shemeji anauliza kama atalazimika kusimama mbele ya watu magoti yakiwa wazi.

Halazimiki. Natanguliza hilo ili alale usingizi. Kadi za namna hii humpa mgeni ruhusa ya kuvaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa huku. Asiyetaka huja na suti, na mwenye vazi la heshima la kwao huja nalo. Kanzu yake, kofia na joho havipungukiwi na chochote mbele ya vazi lolote la Waskoti, na sijaona harusi huku ambayo mtu wa kanzu hakupewa heshima yake. Lakini umeniambia pia kwamba mkwe wenu amemwomba kwa mapenzi, na kwamba shemeji mwenyewe moyoni anatamani kumfurahisha. Hapo ndipo nina mengi ya kusema.

Nilipoanza kazi katika duka hili la kukodisha nguo za harusi, kila mwanamume aliyetoka mlangoni alifanana na mwenzake: koti fupi jeusi la Prince Charlie lenye vifungo vya fedha, kizibao chake, tai ya kipepeo, soksi nyeupe nene, na ule mkoba wa manyoya unaoning'inia mbele, wauitao sporani. Ndivyo walivyokwenda kanisani saa tano asubuhi. Koti lile ni la dhifa za usiku. Mafundi wazee walikuwa wakinung'unika kwamba zamani mtu asingelivaa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mchana palikuwa na koti la Argyll au la twidi, kitambaa kizito cha sufu, vifungo vya pembe, tai ndefu ya kawaida, na sporani ya ngozi tupu. Nani alibadilisha? Maduka kama hili letu. Ni nafuu kuweka seti moja ya nguo itakayofaa asubuhi mpaka usiku kuliko kuweka mbili, na soksi nyeupe hukubali kila tartani, yaani kile kitambaa cha miraba ya rangi kinachoshonewa kilti, kwa hiyo hakuna haja ya kuhifadhi za kila rangi. Biashara ikawa desturi, na watoto waliozaliwa baadaye wakadhani hivyo ndivyo walivyovaa babu zao.

Sasa vijana wamegeuka. Wanakuja kutaka twidi: koti na kizibao vya kijivu, vya buluu iliyofifia, vya rangi ya majani makavu, na soksi za rangi iyo hiyo. Wengine wanataka kilti yenyewe iwe ya twidi, bila miraba inayoonekana. Wasimamizi wa bwana harusi nao hawavai tena sare. Kila mmoja huja na tartani ya familia yake. Wazee hukasirika, wanasema mila inavunjwa, na mara nyingi nimetamani kumshika mzee mkono nimweleze kwamba mwanawe aliyevaa twidi mchana yuko karibu na kanuni ya zamani kuliko yeye aliyeoa amevaa koti la Prince Charlie adhuhuri. Naamini hivyo kwa dhati. Vijana hawa wanalitendea haki vazi hili.

Na vazi lenyewe limepita mengi. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, ambapo jeshi la mfalme liliwashinda waasi wa Nyanda za Juu, Bunge la London liliwapiga marufuku wanaume na wavulana wa Nyanda za Juu kulivaa. Aliyekamatwa alifungwa miezi 6, akirudia anahamishwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme tu ndio walioachwa. Marufuku ikaondolewa 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George wa Nne akaja Edinburgh, shughuli yote ikapangwa na mwandishi Walter Scott, mfalme mwenyewe akavaa kilti, na nguo ya watu wa milimani ikawa nguo rasmi ya taifa zima. Tartani nyingi zinazoitwa za koo fulani zilipangiwa koo hizo katika karne hiyo hiyo. Basi mtu akimwambia shemeji kwamba hana haki ya kuvaa tartani kwa kuwa hana ukoo Uskoti, asibabaike. Hakuna sheria hiyo. Tangu 2009 kuna daftari la serikali ambamo tartani mpya huandikishwa, na Masingasinga wa huku wana yao, Wayahudi wana yao.

Na Waislamu wa Uskoti wana yao! Buluu ni ya bendera ya Uskoti, kijani ni ya dini, mistari 5 myeupe ni nguzo za Uislamu, mistari 6 ya dhahabu ni nguzo za imani, na mraba mweusi ni Al-Kaaba. Ningekuwa wewe, ningewavisha mkwe na baba mkwe tartani hiyo hiyo moja.

Sasa lile la magoti. Kilti iliyokatwa vizuri hukaa kitovuni na kuishia katikati ya goti. Mtu akisimama, karibu inatosha. Akikaa au akicheza inapanda, na soksi haziwezi kuziba pengo. Kwa mwanamume anayechunga uchi wake baina ya kitovu na magoti, hili si jambo dogo, na asikubali mtu amwambie kuwa anajisumbua bure. Dawa ni truzi, yaani suruali ya tartani. Haikubuniwa juzi kwa ajili ya wageni: watu wa Nyanda za Juu waliivaa walipopanda farasi. Juu yake atavaa koti lile lile la twidi, sporani haihitajiki, na wakati wa sala ukiingia atasali nayo bila kubadilisha nguo.

Akichagua kilti hata hivyo, avae kaptura ndani. Pini ya kilti ipite kwenye kitambaa cha juu peke yake, la sivyo nguo itapinda na kuchanika. Aulizie kama ngozi ya sporani ni ya ng'ombe. Kile kisu cha kwenye soksi, sgian dubh, sheria inakiruhusu pamoja na vazi hili, ila kwenye ndege kiende na mizigo ya chini. Na asikodi zile nyepesi za poliesta zinazovaliwa nyongani. Hizo ndizo mpya nisizozipenda. Kilti ya sufu ni yadi 8, marinda yake yameshonwa kwa mkono, nayo humwajibisha mtu kutembea wima.

Mezani watapitisha kikombe chenye mikono miwili. Kwa kawaida hutiwa wiski, kwa hiyo mwambie binti awaambie mapema watie juisi.

Nitumie vipimo: kiuno penye kitovu, nyonga, kifua, na urefu wa mguu kwa ndani. Mwanao ndiye ashike futi, shemeji asimame kawaida bila kuvuta tumbo. Mafundi huchukua wiki nyingi, hivyo usingoje mpaka viza itoke. Msalimie mama, na binti yetu mwambie namuombea dua kila siku.

Akupendaye,
Shoga yako wa Glasgow