Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa: tuwekeeni njia ya kutembea kwenye ukuta wa Mkwawa

Mheshimiwa, kamwene! Na shikamoo juu yake.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Iringa, sa hivi nalima nyanya bondeni Kalenga ila kabla ya hapo nilikuwa nafua mashuka kwenye meli ya watalii huko Ulaya, na hili ninaloandika limeanzia huko huko. Mwaka 2023 meli ilitia nanga Dubrovnik, kule Kroatia, nikapewa ruhusa ya nusu siku nikashuka. Nikaambiwa kitu cha kwanza hapa ni kutembea juu ya ukuta. Nikauliza tiketi bei gani, yuro 35! Yaani kama elfu tisini za kwetu, kutembea tu, kwa miguu yangu mwenyewe. Nikasonya, nikalipa.

Mkuu, sikujuta. Ukuta unazunguka mji mkongwe wote, karibu kilomita mbili, kuna sehemu unafika mita 25 kwenda juu, unapandia pale geti la Pile alafu wote mnaelekea upande mmoja tu, hakuna kurudi nyuma, maana watu ni wengi mpaka mnakanyagana visigino na jua la mwezi wa saba linakukaanga na kivuli hakuna. Upande mmoja bahari, upande wa pili unachungulia maisha ya watu, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza basketi uwanja umebanwa na ukuta wa kale, na mapaa ya vigae vyekundu. Ukiangalia vizuri vigae vingi ni vipya, vina rangi kali, kwa sababu mji ulipigwa mabomu kwenye vita ya 1991, nyumba nyingi zikatoboka mapaa. Wakaezeka upya. Na hela ya tiketi inashikwa na chama chao cha kutunza mambo ya kale, kipo tangu 1952, ndicho kinachokarabati ukuta. Hapo ndipo nilipokaa kwenye jiwe nikaikumbuka Kalenga.

Maana mkuu na sisi tulikuwa na ukuta. Jina lenyewe la Iringa si limetoka kwenye lilinga, ngome? Mkwawa, mtwa wetu Wahehe, alijenga ngome ya mawe pale Kalenga kando ya Ruaha Mdogo, na baada ya kumpiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo Agosti 1891 alijua fika Wajerumani watarudi. Wakarudi kweli Oktoba 1894 na mizinga, wazee wanasema walikuwa wanaipiga kutokea kule kilimani ndo maana pakaitwa Tosamaganga, rusha mawe. Ngome ikaanguka, mwenyewe akapigana porini miaka karibu minne mingine mpaka alipojiua 1898. Fuvu lake walilochukua Wajerumani lilirudishwa 1954, lipo makumbusho pale pale.

Sasa juzi nilimpeleka mpwa wangu wa darasa la tano. Fuvu kaliona, katoka macho makubwa, alafu akaniuliza, mjomba ukuta wenyewe uko wapi? Nikamzungusha kwenye majani, nikamwonyesha mawe mawili matatu, akaniangalia kama namdanganya.

Ninachoomba ni kidogo wala sisemi tujenge ukuta mpya, tafadhali sana msijenge ukuta mpya wa saruji na kupaka rangi, hiyo itakuwa aibu. Naomba wataalamu wa mambo ya kale wapime ukuta ulipita wapi, waweke vigingi vya mawe, njia ya miguu ifuate mstari ule ule, na wenye mashamba washirikishwe kabla sio baada. Miti ya kivuli. Kiingilio kidogo, mwanafunzi wa hapa bure, na hela hiyo ibaki Kalenga, hili la mwisho naomba ulipigie mstari mwekundu. Landikruza za watalii zinapita hapo kila siku kwenda hifadhi ya Ruaha, zinatuachia vumbi tu, zikisimama saa moja hata wauza mahindi ya kuchoma wataona.

Tusifike walikofika wenzetu lakini. Dubrovnik meli zilijaa mpaka 2019 wakaamua zisizidi mbili kwa wakati mmoja, na ndani ya ukuta wenyeji wengi wamehama, nyumba zimekuwa za kupangisha wageni, na mimi nilikuwa mmoja wa hao waliojaza nafasi najua. Sisi kwa hilo bado tuko mbali sana, ila njia ikiwekwa ipangwe tangu mwanzo.

Kama una nafasi Jumamosi yoyote nakuongoza mwenyewe, asubuhi kabla jua halijawa kali. Uvae viatu vya kufunika mguu, mbigili ni nyingi, na mpwa wangu atakuja kuuliza swali lake tena.

Mkulima wa nyanya, Kalenga