Mbegu Inayojiulia Viwavi

Urbana, Illinois

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, masomo yanakwenda. Barua yako niliipata, na swali lako limenikaa kichwani: kama mbegu iliyobadilishwa vinasaba inajiulia viwavi yenyewe, mkulima ahangaike na wadudu kwa nini tena? Jibu lake ni refu kidogo, nivumilie.

Sumu iliyomo kwenye mimea hiyo asili yake ni bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ndiyo maana huitwa mimea ya Bt. Wanasayansi walichukua jeni ya bakteria huyo wakaipandikiza kwenye pamba na mahindi, mmea ukawa unatengeneza sumu wenyewe. Kiwavi akitafuna jani, utumbo wake hutoboka. Marekani ilianza kulima pamba na mahindi ya namna hiyo kibiashara mwaka 1996. Lakini sumu hiyo ni protini, na hakuna protini bila nitrojeni. Hapo ndipo hewa ya ukaa inapoingia, jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwenye pakiti yoyote ya mbegu.

Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Ikiongezeka, mimea kama pamba, soya, mpunga na ngano hunawiri na majani yake hujaa sukari na wanga, ila nitrojeni haiongezeki kwa kasi hiyo. Ni kama maziwa yaliyotiwa maji: kikombe kimejaa, lishe imepungua. Kiwavi hula zaidi ili kufidia. Mara nyingi bado hukua polepole, na wengine hufa kabla ya kukomaa, kwa hiyo si kila mdudu anayenufaika. Lakini jani limeshaliwa.

Na sumu je? Majaribio ya pamba ya Bt iliyokuzwa kwenye hewa ya ukaa nyingi, yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalionyesha kwamba sumu majanini hupungua, hasa mbolea ya nitrojeni inapokuwa haba. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kile kinachoweza kufuata. Ili wadudu wasijenge usugu, yaani wasizoee sumu hiyo, wakulima huelekezwa wapande kando ya Bt sehemu ya mbegu za kawaida. Nondo (viwavi waliokomaa) wanaokulia humo, ambao hawana usugu, huoana na wale wachache sugu walionusurika kwenye Bt. Watoto wao hurithi jeni ya usugu kwa mzazi mmoja tu, na sumu ikiwa kali hufa wote. Sumu ikilegea, baadhi yao hupona, na hao ndio huanzisha ukoo sugu.

Usugu wenyewe umeshatokea, bila kuhitaji msaada wa hewa ya ukaa. Viwavijeshi vamizi walizoea mahindi ya Bt kule Puerto Rico, bungua wa mahindi wakafanya hivyo Afrika Kusini, na funza mwekundu wa pamba nchini India. Nami sisemi mbegu hizi hazina faida. Hapa Marekani zilichangia sana kumtokomeza funza huyohuyo mwekundu katika mashamba ya pamba, na serikali ikatangaza ushindi mwaka 2018.

Kuna shamba la utafiti karibu na hapa, linaitwa SoyFACE. Mabomba yaliyopangwa kwa duara hupuliza hewa ya ukaa juu ya soya iliyo wazi shambani, bila kioo wala paa. Soya ya ndani ya duara iliharibiwa na wadudu kwa asilimia 57 zaidi ya ile ya kawaida. Watafiti walipochunguza waligundua kwamba kinga ya mmea wenyewe imezimwa kwa kiasi: ishara za asidi ya jasmoniki, zinazoamuru jani litengeneze kemikali za kumvurugia mdudu mmeng'enyo, zilikuwa hafifu. Mbawakawa waliokula majani hayo waliishi muda mrefu na kutaga mayai mengi zaidi. Na hiyo wala haikuwa soya ya Bt!

Vidukari ni habari nyingine kabisa. Wao hufyonza utomvu, sumu ya Bt ya kuua viwavi haiwagusi, na baadhi yao huongezeka hewa ya ukaa inapopanda. Ukiacha kunyunyizia dawa kwa sababu viwavi wamekwisha, wadudu wafyonzaji hupata nafasi. China iliwahi kuona hivyo: kunguni wa mimea waliongezeka pamba ya Bt iliposambaa.

Mahindi ni afadhali kidogo, kwani mmea huo hutumia hewa ya ukaa kwa njia tofauti na majani yake hayapungukiwi nitrojeni kama ya pamba. Kwa hiyo ukisoma matokeo ya pamba, usiyahamishie kwenye mahindi moja kwa moja.

Ukimwona tena yule mtaalamu wa mbegu uliyemtaja kwenye barua yako, muulize mbegu zake zina sumu ya aina moja au mbili, na ni sehemu gani ya shamba inayopaswa kuachiwa mbegu za kawaida. Ukiniandikia majibu yake, nitayapitia na mwalimu wangu.

Nisalimie shangazi na watoto wote.

Mpwa wako,
Rehema